Baba wa Mdoli

"Ndiye huyu! Mshikeni! Baba wa mtoto huyu hapa!"

Mtaa wa Frederick ulikuwa umejaa watu mpaka vizingitini mwa maduka. Ilikuwa Jumatatu ya Kanivali, ile sherehe ya siku mbili ya kucheza barabarani kabla ya Kwaresima, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma, na malori ya muziki yalikuwa yanapita polepole, vishindo vyake vinatikisa meno ya mtu mdomoni. Wachezaji waliojigeuza mashetani kwa kujipaka molasi mwili mzima walikuwa wanawatishia kuwakumbatia wanawake waliovaa nguo nyeupe. Hewa ilinuka ramu, jasho na supu ya mahindi.

Everard Lezama hakuja kucheza. Alikuwa amevaa suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu aendaye mazikoni, na alikuwa anapita pembeni, bega linasugua kuta. Aliposikia mwanamke anapiga kelele nyuma yake hakugeuka. Hakuwa na mtoto, na hakuwa na mwanamke wa kumpigia kelele.

Mkono wenye glavu nyeupe ukamkamata mkanda wa suruali.

"Unakwenda wapi, baba mtoto? Umependeza kweli! Shati jeupe! Viatu vinang'aa! Na mwanao kalala na njaa!"

Watu wakaangua kicheko. Alikuwa Mama Mdoli: mwanamke mzima amevaa kama kitoto kichanga, gauni la waridi lenye marinda, soksi nyeupe mpaka magotini, kofia yenye utepe uliofungwa chini ya kidevu, na usoni barakoa ya wavu wa waya iliyochorwa mashavu mekundu. Mkononi kapakata mdoli. Mama Mdoli akikukamata njiani akasema wewe ndiye baba wa mtoto, mjini kwetu huna pa kukatia rufaa. Unaruka, unaapa, unatoa hela ya maziwa, watu wanacheka, unaachiwa. Askari hulipa. Hata padri alishawahi kulipa.

Everard akatia mkono mfukoni ili alipe apite. Ndipo alipomtazama mdoli.

Mdoli wenyewe ulikuwa wa plastiki, jicho moja limekwama. Lakini ulikuwa umevaa kigauni cha pamba cha rangi ya maziwa, na kifuani kimetariziwa ndege mdogo wa bluu, mkia wake mfupi upande mmoja. Everard aliujua mkia ule. Uliishia pale kwa sababu uzi wa bluu ulikwisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika taa ya mafuta kando ya kitanda mke wake Yolande alipokuwa anautarizi, wiki ile umeme ulipokatika mtaa mzima na wakubwa wakasema redioni kwamba haukukatika.

"Nipe nimbebe," akasema.

"Hee! Anataka kumbeba!"

Akampokea. Akamwekea kiganja chini ya kichwa, kama walivyomfundisha kliniki. Waliokuwa karibu wakapunguza kicheko bila kujua kwa nini.

"Ana umri gani?" akauliza.

"Miaka mitano!" Mama Mdoli akapayuka, akiwa anabuni tu. "Miaka mitano, na hajakuona hata siku moja!"

Baridi ikamshika Everard katikati ya jua. Miaka mitano ndiyo hiyo hiyo, na siku ndiyo hiyo hiyo.

"Ni wangu," akasema.

Hakuna mwanamume aliyewahi kusema hivyo. Desturi ni kukana. Kundi zima likapiga yowe la furaha, mtu akagonga chupa kwa kijiko, na Mama Mdoli, kwa mara ya kwanza tangu aanze kucheza, akaacha mchezo katikati. Akainua barakoa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, jasho linamtiririka, meno ya mbele yana mwanya.

"Kaka, unacheza vizuri kuliko mimi," akanong'ona. "Sasa nirudishie mdoli, maana siku bado ndefu."

"Unakaa wapi?"

"Belmont. Nashona sare za shule. Ulizia kwa Ismay Cudjoe." Akacheka, akaishusha barakoa. "Na ukija, uje na maziwa!"

Everard akamrudishia, akamwangalia akimezwa na umati, kile kigauni kimening'inia begani mwake. Kisha akaendelea na safari yake, kwa sababu ilikuwa lazima amalize.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Miaka mitano nyuma, Jumatatu ya Kanivali, Yolande alishikwa na uchungu. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Likasimamishwa kwenye kizuizi karibu na uwanja wa Savana, kwa sababu wakubwa na wageni wao walikuwa wanapitishwa kwenda jukwaani kutazama mavazi. Dereva aliomba, Everard aliomba, askari akasema amri imetoka juu. Walisubiri dakika arobaini. Walipofika hospitali alikuwepo daktari mmoja na foleni ya watu waliokatwa na chupa. Yolande akafa; mtoto alikuwa ametangulia njiani, angali tumboni. Ikaundwa tume. Tume ikala chakula cha mchana mara nyingi, na ripoti inaandaliwa hadi leo.

Tangu hapo kila Jumatatu ya Kanivali Everard alitembea kwa miguu njia ile yote, akasimama kwenye kizuizi, akasimama kwenye lango la hospitali, akarudi. Hakusema na mtu. Zamani alikuwa fundi wa kupinda waya za mavazi ya Kanivali, na mabawa aliyoyapinda yeye yalipita jukwaani watu wakasimama. Aliacha. Sasa alichomelea grili za madirisha, kazi isiyokosa wateja, kwani tumetawaliwa vizuri kiasi kwamba kila mtu analala nyuma ya nondo.

Nyumbani kwake kulikuwa na cherehani ya Yolande, ya kukanyaga. Kila alasiri, saa kumi, Everard aliisikia inakwenda. Akiingia chumbani ilikuwa imetulia na vumbi lake. Hakumwambia mtu.

*

Alhamisi ile, baada ya Jumatano ya Majivu, alikwenda Belmont na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa amelipanga neno lake: gauni lile lilishonwa na marehemu mke wangu, shemeji yangu aliligawa kwenye mnada wa kanisa nilipokuwa sijiwezi kwa ramu, tafadhali niuzie. Maneno yote alikuwa nayo.

Ismay akafungua mlango, akaliona kopo, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama yangu! Kaleta kweli!"

"Ulisema nije nayo."

"Wanaume wangapi nimewaambia hivyo! Ingia, Bwana Maziwa. Kalia hicho kiti, kile kingine kina pini."

Mdoli ulikuwa umekalishwa juu ya kabati, na kigauni chake, jicho moja linamtazama Everard. Neno likamkwama. Ismay akamletea wali wa pelau na kachumbari, akamuuliza anafanya kazi gani, akamtania kuhusu viatu vyake, na muda ukaenda. Alhamisi iliyofuata akarudi akiwa ameazimia kusema. Hakusema. Ya tatu vilevile. Ikawa mazoea: Alhamisi kwa Ismay, kiti kilekile, macho kabatini. Naye Ismay, akiinua uso kutoka kwenye kola ya sare, alimkuta anatazama upande wake na kuyakwepesha macho, akadhani ni haya.

Na simu zikaanza.

"Haloo, baba mtoto."

"Nimeshakwambia usiniite hivyo."

"Nikuite nani, Bwana Grili?"

"Everard."

"Everard ni jina la mtu wa kodi. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Na mkate mwingine."

"Mungu nipe subira! Mtu mzima! Kesho nakuletea mchuzi wa majani, kalalu, na kaa ndani yake, na nitasimama hapo mpaka uimalize, mpenzi, upende usipende."

Alipotamka neno mpenzi, saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kamili, na chumbani cherehani ilikuwa inakwenda. Everard akaibana simu sikioni.

"Kuna nani hapo?" Ismay akauliza. "Nasikia kama cherehani."

Everard akageukia mlango wa chumbani. "Ni yako hiyo," akasema.

"Yangu nimeizima," akasema Ismay. Kisha akacheka, na Everard akajilazimisha kucheka.

Mwezi wa sita walikuwa wanatembea pamoja jioni, yeye Ismay na gauni la njano lililombana kiunoni, Everard na shati ambalo Ismay alimbadilishia kola. Siku moja, wamekaa kwenye ngazi za mlango wake wanakula embe bichi la chumvi na pilipili, Everard akamuuliza kwa nini hanunui yale mavazi ya manyoya ya dukani ambayo mabinti wanavaa siku hizi kwenye Kanivali.

"Manyoya yale mwenye hela ndiye anayevaa," Ismay akasema. "Na kamba wanazungushiwa pembeni, asiye na tiketi asiwaguse. Kanivali ya kamba! Babu zetu walipigana na polisi kwa fimbo na mienge mwaka wa themanini na moja, ule wa karne ya kumi na tisa, ili watoke barabarani. Leo barabara wameuziwa matajiri."

"Na huyu Mama Mdoli?"

"Huyu nimerithi kwa bibi. Alikuwa akisema, enzi za mabwana wa mashamba, bwana anamharibu binti wa watu, mtoto anazaliwa na macho ya bwana, na bwana anapita na farasi hatazami chini. Utamshitaki? Mahakama yake. Utamsema kanisani? Kiti cha mbele chake. Zilibaki siku mbili za mwaka ambazo mtu akivaa barakoa anaweza kufungua mdomo. Basi wanawake wakabeba midoli, wakamsimamia njiani mbele za watu: mtoto wako huyu. Watu wakacheka, na yeye akacheka, lakini alikuwa amesikia." Akaramba chumvi kidoleni. "Ndiyo maana siku ile uliniogopesha. Nimezoea wanaokana."

Pale angesema. Pale ndipo palikuwa mahali pake. Alifungua mdomo, na Ismay, akidhani jingine, akambusu.

*

Desemba, mjini kwetu, nyumba isiyobadilisha mapazia haina Krismasi, na mafundi cherehani hawalali. Everard alikuwa karakana, kavaa miwani ya kuchomelea, simu ilipolia.

"Everard. Hyacinth ni nani kwako?"

Akazima moto. "Shemeji yangu. Mdogo wa marehemu. Kwa nini?"

"Yuko hapa kwangu. Alileta kitambaa cha mapazia. Sasa kakaa sakafuni analia, kamkumbatia mdoli wangu."

Everard akavua miwani.

"Anasema kigauni hiki alikishona mke wako. Cha mtoto wenu. Anasema alikigawa yeye kwa mikono yake, na kila siku anajuta. Mwambie kafananisha, Everard. Nguo zinafanana."

"Hakufananisha."

Ismay akauliza polepole:

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Mtaa wa Frederick."

"Kumbe!" Sauti ya Ismay ikapanda. "Kumbe! Miezi kumi! Kila Alhamisi unakaa pale unatazama kabatini, na mimi mjinga nasema masikini, mwanamume ana haya! Nikawa najipaka poda! Nimejipaka poda miezi kumi kwa ajili ya mdoli!"

"Ismay, nisikilize..."

"Ungesema siku ya kwanza ningemvua palepale nikakupa! Ningelia na wewe! Unadhani mimi nina roho gani? Nimebeba nguo ya marehemu barabarani, nimempigia kelele baba wa watu kwamba mtoto ana njaa, na hukuniambia!"

"Nilishindwa."

"Niambie kimoja tu. Ulikuwa unakuja kwangu, au ulikuwa unakwenda kwake?"

Mwanamume mwingine angejibu haraka, na angesamehewa. Everard alitafuta jibu ndani yake kama mtu anayepapasa gizani, akakuta mikono miwili badala ya mmoja, wa Yolande na wa Ismay.

"Sijui," akasema.

Simu ikakatika.

Kesho yake alikuta furushi la gazeti limefungwa kwenye geti. Ndani mlikuwa na kigauni, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Hakuna barua.

Akakiingiza ndani, akakilaza juu ya cherehani. Miezi kumi alikuwa ameamini kwamba kikirudi nyumbani, Yolande atatulia karibu naye. Akavuta kiti, akasubiri saa kumi. Saa kumi ikafika. Ikapita. Cherehani haikusema kitu. Siku ya pili akasubiri, na ya tatu. Kimya. Akainama akakinusa kigauni: kilinuka sabuni ya Ismay. Ni kana kwamba Yolande naye alikuwa anakingoja kitu hicho tu, na alipokiona kimefika, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo nyumba ilipomtisha kweli. Mizimu alikuwa ameizoea. Alichokuwa anakisikiliza sasa, asubuhi na alasiri, ni simu iliyolala mezani bila kulia.

Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga Krismasi, akapiga Mwaka Mpya. Alikwenda hadi Belmont, jirani akamwambia dada Ismay yupo lakini amesema hayupo.

Mwisho wa Januari alishusha kutoka darini koleo lake la zamani na msokoto wa waya mwembamba. Vidole vilikuwa vimesahau, vikachomwa na waya, vikatoka damu, kisha vikakumbuka. Alipinda mtoto. Alimpinda kichwa, mbavu, magoti yaliyokunjwa, vidole vya miguu kimoja kimoja. Hakumbandika karatasi wala kitambaa. Alikuwa ni waya mtupu, unaona mpaka upande wa pili, na upepo ukiingia dirishani alikuwa analia kwa sauti nyembamba. Everard akamvalisha kigauni. Kilimwenea.

Akaandika ujumbe, herufi moja moja kwa kidole kinene: *Jumatatu nitapita njia yangu. Safari hii sitanyamaza.*

Alama ya kuonyesha kwamba umesomwa ikatokea. Jibu halikutokea.

*

Jumatatu ya Kanivali jua lilikuwa lilelile. Everard alitembea na suruali yake nyeusi na shati lake jeupe, kampakata mtoto wa waya, na waliomwona walimpisha, maana kitu kile kilikuwa kinalia kila upepo ulipovuma.

Kizuizi kilikuwa palepale. Ng'ambo yake, jukwaa la wageni rasmi, limefunikwa turubai, limewekwa mafeni. Waziri mmoja alikuwa amekaa safu ya mbele na kofia ya kitani, anajipepea kwa upepeo wa karatasi uliochapwa sura yake mwenyewe. Tunalipa kodi ili watu kama hao wajipepee kwa nyuso zao.

Everard akaegemea chuma cha kizuizi. Alikuwa na miaka sita ya maneno kooni.

"Mheshimiwa," akasema. Hata aliyesimama kando yake hakusikia.

"Unauza hicho, mjomba?" mwanamke mmoja akamuuliza. "Kizuri, lakini kinatisha."

"Mheshimiwa!" Safari hii ilitoka kama chuma kinachokatwa. "Mtoto wako huyu!"

Vichwa vikageuka. Mwanamume kavaa kama mzishi anacheza Mama Mdoli! Watu wakafurahi, wakasogea.

"Mtazame! Macho yako haya! Miaka sita, na hujaja kumwona hata siku moja!"

Waziri akacheka, kwa sababu desturi ni kucheka. Hata wenzake wakampigapiga bega. Akatoa noti ya dola mia, ile ya bluu, akampa msaidizi wake, naye akashuka ngazi akainyoosha juu ya kizuizi mbele ya pua ya Everard. Everard akaitazama. Mkono wake, kwa mazoea tu ya mtu aliyenyooshewa kitu, ukaanza kuinuka.

"Usithubutu kupokea, baba mtoto!"

Glavu nyeupe ikamkamata mkanda. Marinda ya waridi, soksi mpaka magotini, barakoa ya wavu. Mkono wake wa pili ulikuwa mtupu. Mwaka ule hakubeba mdoli.

"Na mimi ndiye niliyetumwa na mama yake!" Ismay akapaza sauti, watu wote wasikie. "Noti ya nini, Mheshimiwa? Maziwa? Mwambie, baba. Waambie kwa nini hanywi."

Everard akamwinua mtoto juu ya kichwa chake. Jua likapita katikati ya mbavu.

"Hanywi kwa sababu alifia hapa," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeeleza njia. "Hapa niliposimama mimi. Tumboni mwa mama yake, ndani ya gari la wagonjwa, dakika arobaini, ninyi mkipitishwa kwenda kukaa kwenye viti hivyo. Mama yake alikuwa anaitwa Yolande. Alikuwa ananiuliza kama tumefika. Nilimwambia bado kidogo."

Upepo ukavuma, na mtoto akalia. Hakuna aliyecheka. Lori la muziki lililokuwa linasubiri zamu likapunguza sauti, lenyewe tu.

"Hatutaki maziwa," Ismay akasema. "Tunataka njia."

Mtu akagonga chuma cha kizuizi kwa kijiko. Njia. Mwingine akagonga chupa. Njia. Kisha mamia, mashetani wa molasi na wauza supu na mabinti wa manyoya nje ya kamba yao, chuma juu ya chuma: njia, njia, njia. Waziri akaacha kujipepea. Akageuka huku, akageuka kule, akamtafuta msaidizi wake, na msaidizi alikuwa bado kasimama na noti mkononi kama mtu aliyesahau alitumwa nini. Baadaye kidogo kiti cha waziri kilikuwa kitupu.

Usidhani kizuizi kiliondolewa. Walikuja askari sita, wakawasukuma watu kwa adabu kwanza na baadaye bila adabu, na kizuizi kipo mpaka leo. Lakini yule mkubwa alikuwa amesikia, mbele za watu, mchana kweupe.

*

Walitoka upande wa pili wa Savana, wakakaa ukingoni mwa barabara karibu na muuza madafu. Ismay akavua barakoa. Poda ilikuwa imechora mito mashavuni.

"Nilikuwa nimeapa nisije," akasema. "Nimefika mpaka hapa ninajitukana."

"Uliniuliza swali."

"Nililiuliza Desemba. Leo Februari. Wewe ukiulizwa saa, mtu anafia palepale."

"Mwanzo nilikuwa nakwenda kwake," Everard akasema. "Hilo sitakudanganya. Halafu nikawa nakuja kwako, huku namwomba yeye msamaha njiani. Nilipopata gauni, akaondoka, na ile cherehani yake uliyoisikia kwenye simu ikanyamaza. Nyumba kimya. Na mimi sikukaa kumsikiliza yeye. Nilikaa kusikiliza simu."

Ismay alikuwa anafungua utepe wa kidevuni, unamsumbua.

"Mimi sitamfukuza," akasema. "Akitaka kurudi kushona, ashone, kuna kazi tele. Ila nisikae tena chumba kimoja na mtu bila kuambiwa yupo. Hicho tu."

"Nimekuelewa."

"Haya. Sasa niambie jina la mtoto."

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Tume haikumuuliza, kwenye fomu ya hospitali waliandika *wa kike* na mstari. Yeye na Yolande walilichagua jina wawili tu, wakakubaliana wasimwambie mtu mpaka azaliwe. Everard akalitafuta kinywani, akaogopa kwamba likitoka litakwisha.

"Celestine," akasema.

"Celestine Lezama." Ismay alilitamka taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Zuri. Tutakuwa tunamtaja mezani."

"Meza ya nani?"

"Jamani, mwanamume huyu! Meza yetu! Au unataka nipige magoti mimi, na soksi hizi?"

Everard akashuka ukingoni. Akapiga goti barabarani, suruali yake ya mazikoni kwenye vumbi na vipande vya manyoya, mtoto wa waya bado mkono mmoja, akaushika mkono wa Ismay kwa mwingine. Muuza madafu akaacha kisu hewani.

Filimbi ikalia. Askari kijana alikuwa anakuja mbio, anawaonyesha kwa kirungu.

"Ninyi hapo! Ondokeni! Mnaziba njia!"

"Subiri kidogo, mwanangu," Ismay akamjibu bila kumtazama. "Kuna mtu anachumbia hapa, na amekwisha kuchelewa."